Kalamu Nyekundu na Mamba wa Siwema

Wanangu mnaoshika chaki leo, nimeona mmeletewa vitabu vya mwongozo vyenye picha za rangi, na ndani yake mna somo zima la kuwafundisha watoto kutunga hadithi za ajabu: majitu, miti inayosema, watoto wanaoruka bila mbawa. Vizuri sana. Mimi nililifundisha somo hilo kabla halijawa somo, na kwa ajili yake nilinyolewa nywele zote za kichwani nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye cheti na mzee wa kanisa. Aliyeninyoa hakuwa kinyozi.

Nitawaeleza, lakini msinidai mpangilio. Mambo haya yananijia yanavyotaka yenyewe.

Mimi ni mtu wa Makete, kwenye baridi. Nilipangiwa Rufiji wakati Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, daraja kubwa halijajengwa. Shule yangu ilikuwa bondeni, kando ya mto. Ukishuka kwenye gari pale Bungu unaanza na baiskeli, kisha mchanga unakushinda, unaibeba baiskeli wewe. Kijiji sitakitaja. Wahusika wengine wako hai na mimi bado napenda kusalimiwa.

Mwezi wangu wa kwanza niliwaambia darasa la sita, "Andikeni kitu ambacho mtu hajawahi kukiona." Mtoto mmoja akaandika kwamba nyumba yao ina miguu mirefu, wanapanda kwa ngazi, na usiku viboko wanapita chini kula mpunga huku baba yake akipiga debe kuwafukuza. Nilisisimka! Nikampa kumi kwa kumi, nikalikimbiza daftari ofisini kuwasomea wenzangu. Mwalimu Pili, aliyefundisha darasa la kwanza na ambaye ni mzaliwa wa palepale, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Mwalimu Sanga, hilo ni dungu. Nusu ya darasa lako wamelala humo jana. Mpunga umeiva, watu wanalinda mashamba."

Kesho yake, kulipa deni la aibu, nikawaeleza watoto juu ya kwetu Makete: kwamba asubuhi ya mwezi wa saba unakuta majani yamevaa unga mweupe mgumu, ukiukanyaga unalia chini ya mguu, na maji ya kwenye karai yamekuwa kioo. Nilikuwa nafundisha jiografia. Walinisikiliza kwa heshima, nikamaliza, wakanipigia makofi. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, wewe unajua kutunga!"

Basi hilo la kwanza mlishike. Kabla hujamwambia mtoto aandike ajabu, muulize kwanza kwao kipi ni cha kawaida. Mimi nilidhani nimejifunza somo hilo siku ileile. Kumbe nilikuwa nimelionja tu.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara. Duka ambalo zamani lilikuwa na chumvi na viberiti tu, sasa lina sabuni za rangi tatu. Mashati ya mitumba yalifika mpaka bondeni. Nilikuwa na mwanafunzi aliyevaa fulana ya timu ya mpira wa magongo wa barafuni, na hakuna aliyejua ni nini, hata mimi. Pale Bungu kikafunguliwa kibanda cha video. Ndani ya miezi miwili hadithi zote za darasani zilikuwa na watu wanaoruka ukuta kwa mateke. Mtoto anaua watu ishirini katika ukurasa mmoja, kisha anaandika, "Akarudi nyumbani akala wali."

Ndipo nikatunga kanuni zangu, na nyingine bado ni nzuri, zichukueni. Hadithi moja, ajabu moja. Ukiweka mbili zinapigana. Ajabu lazima iwe na kazi ya kufanya. Kama ndege anasema, aseme kwa sababu kuna mtu anayehitaji kuambiwa. Na anza na mtu unayemjua, mtu wa kweli kabisa, kisha mwongezee hiyo ajabu moja. Kanuni hii ya mwisho ilinisaidia kuwaondoa watoto kwenye mateke. Ilikuja kunichoma vibaya.

Kulikuwa na jingine lililoniudhi. Watoto wote arobaini na mmoja walianza namna moja: "Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Na wengi walimaliza kwa kuungama kwamba mambo haya wameyatunga tu. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ambako tulifundishwa kwamba mtunzi asimwamshe msomaji. Akishalala ndani ya hadithi, mwache alale. Kwa hiyo kila palipoandikwa "uongo njoo" nikapiga mstari mwekundu. Kila palipoandikwa "nimetunga" nikapiga mstari mwekundu. Nilikata vichwa na mikia ya hadithi za bonde lile kwa bidii kama ya mtu anayelipwa kwa kila kichwa.

Kalamu hiyo nyekundu niliionea fahari kwa sababu nyingine pia. Wazazi wengi walisoma msahafu vizuri kuliko mimi nilivyosoma Biblia, ila herufi zetu za shuleni ziliwapita. Wanataka kufuatilia watoto, hawajui waanzie wapi. Basi kwenye mkutano wa wazazi nikasimama na daftari mkononi, nikawaambia, "Ni rahisi. Pakiwa na vema, mtoto amesema sawa. Pakiwa na mstari mwekundu, amesema sivyo. Hayo tu." Wakafurahi mno. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita vibarazani nawaona akina baba wamekunja madaftari mapajani, kidole kinatafuta wekundu.

Sasa nimfikie Siwema.

Siwema alikuwa darasa la sita, mwembamba, mkimya, mwandiko wake umelala upande. Hakuwa na wazazi. Aliishi na babu yake, mzee Ngwele, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwa mtumbwi. Karibu nusu ya wanafunzi wetu walitoka ng'ambo, na kila asubuhi mzee huyo aliwaleta kwa mikono yake miwili, mafuriko au jua. Bila yeye shule ile ingekuwa nusu shule.

Siku niliyotoa zoezi la mtu mmoja na ajabu moja, Siwema aliandika hivi. Nimelisoma daftari lile mara nyingi, nalijua kwa moyo:

"Hadithi, hadithi. Uongo njoo, utamu kolea. Babu yangu mzee Ngwele anavusha watu. Mabega yake yanauma. Basi ana mamba wake. Mamba huyo anamsikia babu peke yake. Akimwambia nenda, anaenda. Akimwambia rudi, anarudi. Babu anamfunga kamba ya ukindu, mamba anavuta mtumbwi, babu amekaa anatafuna karanga. Mamba anakula ugali na kisamvu. Watu wakilala yeye analinda kivuko. Huyo mamba hayupo. Nimemtunga mimi ili babu apumzike."

Nililisoma daftari lile mara mbili kwa furaha. Ajabu moja, ina kazi, ina mtu wa kweli! Nikaweka vema kila sentensi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mwalimu hodari, nikapiga wekundu juu ya mstari wa kwanza. Nikapiga wekundu juu ya sentensi mbili za mwisho. Pembeni nikaandika, "Usimwamshe msomaji." Na siku ya wazazi nikaisoma mbele ya watu wote, kama nilivyoisahihisha.

Mzee Ngwele hakuwapo. Alikuwa kivukoni akivusha waliochelewa. Alikuwapo bwana Kisoma, amekaa mstari wa mbele. Masika yaliyotangulia, mke wa Kisoma alikwenda kuchota maji palepale karibu na kivuko, mamba akamchukua. Msiba huo niliuhudhuria mwenyewe. Nilikaa mkekani na watu hawa, nikala wali wa matanga. Na bado nilisimama mbele ya mtu huyo nikasoma kwa sauti ya kuigiza, "Akimwambia nenda, anaenda. Akimwambia rudi, anarudi."

Mama mmoja akamshika mtoto wake mkono akatoka. Mwingine akafuata. Kisoma akanitazama mpaka nikamaliza, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mnajua mimi nilifikiri nini? Nilifikiri hadithi imewagusa. Nikamwambia Siwema mbele ya waliobaki, "Umeona? Umewaliza watu." Nikikumbuka sentensi hiyo natamani kuifukia.

Jumatatu darasani kwangu walikuja watoto kumi na tisa. Wa ng'ambo hakuja hata mmoja. Siwema alikuwapo, amekaa peke yake kwenye dawati la watu watatu. Mwalimu Pili alinivuta nyuma ya choo cha walimu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusikia.

"Umefanya nini, mwalimu? Watu wanasema mzee Ngwele anafuga mamba wa kichawi, ndiye aliyemtuma kumchukua mke wa Kisoma. Hapandi mtu mtumbwini mwake."

"Ile ni hadithi, Mwalimu Pili! Kila mtu anajua ni hadithi."

"Uongo uliuita?"

"Uongo gani?"

Akanitazama kwa huruma. "Huku kwetu hadithi haianzi mpaka uongo uitwe. Unauita, watu wanaitikia, ndipo unasema utakalo, hata ukimvisha simba kanzu. Usipouita, umetoa habari. Na habari yenyewe kaitoa mtoto wa ndani ya nyumba, anayelala na mzee chini ya paa moja. Shahidi gani mwingine watu wamtafute?"

Lakini papo hapo nikalikumbuka daftari. Siwema aliuita uongo! Na mwishoni alisema kabisa kwamba mamba hayupo! Nikaona nimepona, yeye amepona, mzee amepona. Wazee wa kijiji walikuwa wamekwisha kuitwa alasiri hiyo, wakakutana darasa la nne, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mzee Ngwele amekaa mbele peke yake, mikono mapajani. Nikaingia na daftari nimelishika juu kama hati ya kuachiliwa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyejua kusoma, akalisoma lote, mpaka yale niliyoyafuta. Nikasema, "Mnasikia? Mtoto mwenyewe amesema ametunga."

Kisoma akaomba kuliona daftari. Akalishika, akapitisha kidole taratibu.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mie kusoma sijui. Mambo ya wekundu umenifunza wewe. Ukipiga wekundu kwenye daftari la mwanangu, hapo mwanangu kasema sawa au kasema sivyo?"

Nikamjibu, "Kasema sivyo."

"Haya. Hapa mtoto kaita uongo, weye ukapiga wekundu. Hapa kasema mamba hayupo, ukapiga wekundu. Hapa kasema babu yake ana mamba, akimwambia nenda anaenda, ukaweka vema. Sasa tumsadiki nani, mwalimu wetu?"

Wanangu, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na maafisa, na watoto wa darasa la kwanza ambao ndio wabaya kuliko wote. Sijawahi kuulizwa swali kama lile. Nikaanza kueleza juu ya semina, juu ya msomaji asiyetakiwa kuamshwa, na kila neno nililosema lilizidi kumzamisha yule mzee. Mwisho mwenyekiti akaniambia nikae.

Desturi yao ya kumaliza jambo kama hilo ilikuwa moja. Aliyetajwa anapelekwa kwa mganga, mwendo wa siku moja na nusu, ananyolewa nywele zote na kunywa dawa. Akishanyolewa, kama alikuwa na kitu kimekwisha, na kama hakuwa nacho hakuna wa kumuuliza tena. Lakini haendi peke yake. Aliyemtaja naye anakwenda, naye ananyolewa, wembe mmoja, siku moja, ili asibaki mmoja na la kumdhuru mwenzake. Walipofika hapo wote wakageuka kumtazama Siwema, aliyekuwa amesimama dirishani kwa nje.

Mzee Ngwele naye alimtazama mjukuu wake. Sasa akasema, "Mie nitakwenda. Nisipokwenda, mtoto huyu ataishi vipi hapa nikishakufa? Ila yeye mwacheni. Ana miaka kumi na mitatu."

"Desturi haichagui, mzee," mwenyekiti akasema.

Sijui nani alinisimamisha. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba mtoto aliandika kwa amri yangu, na kinywa kilichotamka mbele ya watu ni changu, kwa hiyo aliyemtaja mzee Ngwele ni mimi. Watu walishangaa. Mimi nilishangaa kuliko wao. Wakanong'onezana kwa Kindengereko, lugha yao, kwa muda mrefu, kisha Kisoma akasema, "Mwalimu kasema sawa." Nusura nicheke. Ilikuwa ndiyo vema yangu ya kwanza siku hiyo.

Safari ile sitaieleza sana. Tulitembea, mzee mbele mimi nyuma, na mashahidi wawili. Tulikalishwa bega kwa bega kwenye kigogo, tukamwagiwa maji baridi, wembe ukapita. Dawa ilikuwa chungu, nikaitapika, nikapewa nyingine. Nilipogeuka nikakiona kichwa cha mzee Ngwele kikiwa kitupu, kidogo, kama cha mtoto, na ndipo machozi yalinitoka. Mzee huyu hakuwa na kosa lolote duniani. Tuliporudi, mke wangu alinitazama mlangoni, akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha. Kanisani, kwa kosa la kwenda kwa mganga, nilizuiwa meza ya Bwana mpaka Pasaka. Watoto shuleni waligundua kwamba nina masikio makubwa.

Asubuhi iliyofuata mtu wa kwanza kupanda mtumbwi wa mzee Ngwele alikuwa Kisoma. Alikaa mbele kabisa, akamshika mwanawe mkono. Wa ng'ambo wote wakarudi shule.

Mimi nilivuka na mzee siku ya tatu. Katikati ya mto akaniomba nimsomee hadithi, kwani yeye hakuisikia vizuri. Siku ile ya madawati masikio yalikuwa yamemziba. Daftari nilikuwa nalo mkobani, nikamsomea yote, tangu uongo njoo. Akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukawa unazunguka polepole.

"Kumbe anaona," akasema. "Mabega yananiuma kweli. Sikupata kumwambia." Kisha akashika kasia. "Mwambie asiache."

Nilimwambia Siwema siku ileile. Nikampa daftari jipya, nikamwambia babu yake anataka aendelee, nami nataka, na kalamu nyekundu nimeitupa. Alinitazama kichwani, sio usoni.

"Nikiendelea, mwalimu, atanyolewa nani?"

Wiki hiyo insha yake ilikuwa juu ya ng'ombe. Ng'ombe ana miguu minne. Ng'ombe anatupa maziwa. Kwenye kijiji kile hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, mbung'o waliwamaliza, lakini alijua hakuna mtu atakayemshtaki ng'ombe. Aliandika hivyo mpaka alipomaliza la saba. Nimewaharibia watoto mambo mengi madogo kwa kutojua, na hilo ndilo kubwa.

Nikahamishwa. Nilifundisha mahali paitwapo Umwe, nikafundisha kwingine, nikastaafu. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu aliyetaka kuuita uongo aliuita, hata wakiwa mia moja, na majina ya watu wa kweli hayakuingia kwenye hadithi za darasani kwangu. Nanyi fanyeni hivyo. Wakaguzi wakiwauliza, waambieni mzee mmoja mwenye kipara amesema.

Mwaka jana nilikuwa pale Bungu nasubiri gari. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza korosho, na mtoto wake analia kwa kuchoka na jua. Watoto wa wauzaji wenzake walikuwa wamemzunguka. Sikumtazama, mpaka niliposikia sauti.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!" watoto wakaitika.

"Uongo njoo!"

"Utamu kolea!"

"Huyu mamba hayupo, mnasikia? Nimemtunga mie. Haya. Hapo kale palikuwa na babu mmoja, mabega yake yanauma…"

Sentensi zake za mwisho nilizozifuta, ameziweka mwanzo! Nilisimama na begi mkononi, gari langu likaja likaondoka. Siwema alipoinua macho akaniona, akanitambua, akasita. Mzee Ngwele alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, mtu alinieleza.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Leo usifute."

Nikavua kofia. Siku hizi kipara ni changu mwenyewe, hakuna aliyeninyoa. Watoto wakacheka, naye akacheka. Nikamwomba aanze upya, nikakaa juu ya kreti la soda, na uongo ulipoitwa nikaitikia pamoja na watoto.